Fahali wa Chicago, nyuki wa Tanga

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mi niko Ngamiani barabara ya 8, hapa kijiweni kwetu kuna bishano limeingia wiki ya pili na halina dalili ya kuisha. Jamaa yetu mmoja alijinunulia kofia ya mtumba pale Mgandini, nyekundu, ina kichwa cha ng'ombe kakunja sura, ya Chicago Bulls. Mzee wa kahawa akauliza tu kwa wema, huyu ng'ombe wa nini kichwani kwako, ndo moto ukawaka. Mwenye kofia anasema yule ng'ombe ni historia ya mji wa Chicago, watu walikuwa wachinjaji. Mwingine akamkatalia kabisa, anasema logo za wanyama zote ni urembo, mbona Simba wako Kariakoo na Kariakoo hakuna simba hata wa kuchora ukutani zamani. Tumewekeana kreti la soda. Tuamulie Mjomba, na utwambie pia Tanga hapa timu ikitaka mnyama wa kweli wa mji huu ichukue yupi.
Mpwa wako, Ngamiani

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Kreti mgawane, maana wote mmepatia na wote mmechemka, ila kwa huyo ng'ombe mwenyewe wa kofia mwenye kofia kashinda tena bila penati.

Chicago bwana kabla haijajulikana kwa basketi ilikuwa mji wa nyama. Tarehe 25 Desemba 1865, Krismasi kabisa watu wengine wanakula pilau lao, lilifunguliwa zizi moja la kutisha kusini mwa mji linaitwa Union Stock Yards, reli zinatoka kila upande zinamwaga mifugo pale, viwanda vya kuchinja vikajipanga pembeni, mnyama anaingia kwa miguu yake anatoka kwenye mabehewa ya barafu anaelekea miji mingine. Watu wa Chicago wamesomesha watoto kwa zizi hilo zaidi ya miaka mia. Sasa 1966 kuna jamaa anaitwa Dick Klein akapata nafasi ya kuanzisha timu ya basketi, na ukumbi waliochezea msimu wa kwanza, International Amphitheatre, ulikuwa ubavuni mwa zizi lenyewe, yani hata ukifumba macho pua inakwambia uko wapi. Klein akataka jina la kubeba biashara ya nyama ya mji wake, akatua kwa fahali, ndo hao Bulls kwa Kizungu. Kichwa kikachorwa na mchoraji mmoja Dean Wessel, na tangu hapo hakijaguswa, hicho hicho alichovaa Michael Jordan ndo hicho kilichofika Mgandini kwenye belo. Mwambie mwenye kofia aivue aiweke juani aangalie ncha za pembe, ni nyekundu, kama ametoka kumpiga mtu pembe sasa hivi na bado hajajifuta.

Hapo niweke neno dogo ambalo mwenye kofia hatalipenda. Pale zizini aliyechinjwa kwa wingi kuliko ng'ombe alikuwa nguruwe. Historia ingefuatwa neno kwa neno hiyo kofia ingekuwa na pua nyingine kabisa na hapo Ngamiani isingepata mnunuzi hata kwa mia tano. Kwa hiyo hata nembo inayotoka kwenye historia ya kweli, kuna mtu kakaa akachagua kipi kinafaa kuvaliwa na kipi kibaki jikoni.

Na zizi lenyewe likafungwa 1971, timu ina miaka mitano tu. Limebaki geti la mawe na huyo ng'ombe wenu.

1971 hiyo hiyo, huku kwetu, kuna timu ya Kariakoo ilikuwa inaitwa Sunderland ikabadilishwa jina ikawa Simba. Rafiki yako anasema Kariakoo hakuna simba, sawa, hata mi sijawahi kukutana naye pale Msimbazi labda simba wa nauli. Lakini angalia walikotoka: ilizaliwa 1936 ikaitwa Queens, ikaja Eagles, ikaja Sunderland, majina yote ya Kizungu, moja la malkia, moja la ndege, moja la mji wa Uingereza ambao wengi waliolishangilia hawakuwahi kuuona hata kwenye ramani. Miaka kumi baada ya uhuru ndo likaja neno la Kiswahili ambalo mtoto wa Tandale na bibi wa Handeni wote wanalielewa. Kwa hiyo simba yule si historia ya wanyama wa Kariakoo, ni historia ya watu waliochoka kujiita kwa ulimi wa mwenzao. Hiyo nayo ni historia ya mji, tena mi naona ni nzito kuliko ya machinjio. (Sunderland wenyewe wa Uingereza siku hizi wanaitwa Paka Weusi, kwa hiyo mkubwa wa ukoo kabaki Msimbazi.)

Kwa hiyo mnyama ukimwona kwenye jezi usiulize kama yupo msituni kwao. Uliza nani alimchagua, lini, na siku hiyo dirishani kwake alikuwa anaona nini. Ukiuliza hivyo mengine yanajifungua yenyewe. Memphis Grizzlies, timu ya basketi ya Marekani, wana dubu mkubwa wa kahawia na Memphis hakuna dubu wa aina hiyo, kwa nini, kwa sababu timu ilianzia Vancouver Kanada 1995, upande ule dubu wapo kweli, 2001 timu ikahama na dubu akapakiwa na mizigo kama kabati. Toronto Raptors, basketi pia, wao wana dainasoria, timu ilianza 1995, filamu ya dainasoria iliyotikisa dunia ilitoka 1993, piga hesabu mwenyewe, yule mnyama mifupa yake inachimbwa Mongolia huko. Crystal Palace, timu ya mpira ya London, walikuwa wanaitwa mafundi vioo kwa sababu ya jumba kubwa la vioo lililoupa mtaa wao jina, hapo historia imekaa mpaka raha, afu 1973 kocha wao Malcolm Allison akaona Benfica wa Ureno wana tai akapenda, wakawa tai. Kakopi tu! Lakini mtoto aliyezaliwa Palace leo ukimwambia tai si wa kwao mtapigana.

Anayenikosha mi ni ndege wa Norwich. Norwich City, timu ya Uingereza ya 1902, nembo yake ni kanari, kale kandege ka njano ka kwenye kizimba, ukiangalia haraka unasema hawa vipi, wenzao wana simba na mbweha wao wana kandege ka sebuleni. Kumbe karne ya 16 walihamia pale wafumaji nguo kutoka nchi za ng'ambo ya bahari, upande wa Ubelgiji na Uholanzi wa leo, wamekimbia mateso ya dini, wamebeba ufundi wa kufuma na ndege zao. Ufumaji ukatajirisha mji, ufugaji wa kanari ukawa mazoea ya watu mpaka timu ikapewa jina la ndege kwanza, halafu ndo jezi ikageuzwa njano na kijani 1907 kumfuata ndege. Hiyo ndo naiita nembo yenye kwao, wakimbizi wamegeuka wenyeji mpaka ndege wao anapiga mpira.

Halafu kuna kitu watu hawakihesabu. Mnyama anayeeleza mtaa kwa ukweli zaidi mara nyingi hajachorwa kwenye nembo, kapewa na mtani. Yanga hawana mnyama kwenye jina lao, lakini Simba wamewaita vyura miaka na miaka, kwa nini, kwa sababu makao yao Jangwani pako bondeni, mvua ikinyesha mto Msimbazi unafurika maji yanaingia mpaka mlangoni. Ni matusi ya utani lakini ndani yake una jografia yote ya Dar, bonde lilipo, mto unapopita, na mji ulivyojengwa. Simba kachaguliwa na wenyewe, chura kaletwa na mafuriko. Nisimame hapo kabla sijapigiwa simu.

Haya tuje nyumbani. Coastal Union, timu ya 1948, ubingwa wa 1988 ambao wazee wa uwanja wa Mkwakwani mpaka leo wakiusimulia wanasimama kwenye kiti, hawajiiti kwa mnyama, wanajiita Wagosi wa Kaya, wanaume wa nyumbani, na mgosi ni neno la milimani na mabondeni kwetu huko, limeshuka na Wasambaa na Wabondei mpaka mjini. Kwa jina peke yake wameshatangulia wenye wanyama wengi. Nyie wa Ngamiani ndo mnanichekesha, mnagombania ng'ombe wa Chicago na mtaa wenu ukiutoa ile -ni ya mwisho anabaki ngamia amesimama anawaangalia.

Ila mkinibana nichague mnyama wa Tanga, mi sisiti. Nyuki.

Novemba 1914, vita kuu ya kwanza ina miezi mitatu tu, Waingereza wakaleta meli kutoka India na askari kama 8,000 waje kuichukua Tanga kwa Mjerumani. Wa kwanza kuingia bandarini tarehe 2 ilikuwa meli ya kivita ya HMS Fox, yani Mbweha, nahodha wake akashusha taarifa ya kiungwana kwamba makubaliano ya kutopigana yamekwisha, sasa hiyo si ni kupiga hodi kabla ya kuiba? Mjerumani, von Lettow-Vorbeck, akapata muda wa kupakia watu kwenye treni ya Moshi kuja Tanga. Hata hivyo alikuwa na watu kama elfu moja, wengi wao askari Waafrika, dhidi ya elfu nane. Waingereza wakashukia Ras Kasone, tarehe 4 wakaanza kusogea mjini kupitia kwenye mashamba na vichaka, na mitini humo kulikuwa kumetundikwa mizinga. Hapo Kiswahili chetu kikawacheka wageni, maana mzinga wa nyuki na mzinga wa vita ni neno moja, na wao walikuja wamejiandaa na mmoja tu.

Risasi zikapita mitini, mizinga ikatikisika, nyuki wakatoka. Hawakuangalia bendera, Wajerumani wa bunduki za rasharasha nao walichomwa, lakini kikosi kimoja cha Wahindi kilipata cha moto kweli kweli kikavunjika, watu wanarudi pwani wanajipiga piga vichwani. Tarehe 5 wakapanda meli wakaondoka, wameacha mamia ya bunduki na risasi malaki ambazo Mjerumani alizitumia baadaye. Aibu ilikuwa kubwa mpaka ukaenea uvumi kwamba Mjerumani alitega ile mizinga kwa nyaya, wakati ni mizinga ya wafuga nyuki tu waliokuwa wanangoja asali yao. Mpaka leo Waingereza wenyewe wanaiita vita ya nyuki. Nisiwadanganye, nyuki hawakushinda vita peke yao, Waingereza walishindwa kwa dharau, jenerali wao Aitken hakutuma hata watu wa kupeleleza mbele. Lakini huko Chicago fahali alikuja mjini kuchinjwa, Tanga nyuki alikuwa mwenyeji na yeye ndo aliyefukuza wageni, na ukipita kwenye makaburi ya vita vile hapo mjini utaona hata waliofukuzwa wamebaki.

Tatizo ni moja tu, rangi. Nyuki ni njano na nyeusi, ukiingia nayo Mkwakwani watu watajua ni Yanga wamesahau kijani. Kreti likinunuliwa yangu iwe ya tangawizi.

SWALI: Mjomba salaam, mi mvuvi wa Kigombe. Nimesikia unataka kusema mambo ya mnyama wa Tanga. Silikanti, yule samaki wa kale, umemuweka wapi? Sisi hifadhi tumewekewa kwa jina lake.
Baba wa watoto watatu, Kigombe

JIBU: Salaam kaka, habari zimekufikia kabla hazijatoka, ndo pwani hiyo. Silikanti sijamsahau, namuogopa tu. Ni kweli hifadhi ya bahari ya Tanga ya 2009 imebeba jina lake, na ni kweli wataalamu walidhani alikwisha zamani pamoja na dainasoria mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini 1938, na huku kwetu wakaanza kunasa kwenye majarife miaka ya 2000 mwanzoni, ninyi wenyewe wa Kigombe mnajua zaidi yangu. Kwa sifa hana mpinzani.

Lakini fikiria kama mshabiki. Samaki anakaa mita mia na zaidi kwenda chini, mchana anajificha pangoni, anaogelea polepole kama anatafuta kitu kimemdondoka, nyama yake ya mafuta mafuta haina mlaji, na kitu anachosifiwa ni kwamba hajabadilika kwa mamilioni ya miaka. Timu ikifungwa tatu ugenini watani watafanya nini na maneno hayo? Mi ningemuweka kwenye jezi ya golikipa, yeye peke yake ndo anaruhusiwa kukaa nyuma.