Gegereka weupe wa pangoni: usiwape jina kwa rangi

Siku ya kwanza kuchambua sampuli za maji ya chini ya ardhi nilikuwa na visahani vitatu mezani. Wanyama, wote gegereka wadogo (jamii ya kaa na kamba), walitoka Postojna, Slovenia, pale mto Pivka unapoingia ndani ya mwamba wa chokaa na kupotea. Nikawatenga haraka: weupe wasio na macho huku, wa kahawia wenye macho kule. Nikaandika "wa pangoni" na "wa mtoni", nikaona kazi imekwisha.

Mwalimu aliyenisimamia alitazama, akashika sindano, akamtoa mnyama mmoja mweupe na kumweka kwa wale wa kahawia. "Hawa ni spishi moja," akasema. "Na huyu mweupe uliyembakiza na yule niliyemhamisha, hata oda hawashiriki." Oda ni kundi kubwa la uainishaji, pana kuliko jenasi na spishi.

Ndipo nikaelewa jambo ambalo leo namwambia kila anayeanza kazi hii. Gizani rangi haina kazi wala macho hayana kazi, kwa hiyo vitu hivyo hupotea kwa mnyama yeyote akikaa huko vizazi vingi, awe wa ukoo gani. Weupe unakuambia anaishi wapi. Haukuambii ni nani. Yule aliyehamishwa ni *Asellus aquaticus*, isopoda wa kawaida kabisa wa mito na mabwawa ya Ulaya. Wenzake walioingia pangoni wamepoteza rangi na macho, na mwaka 1925 Emil Racovitza, mtaalamu wa viumbe wa mapangoni kutoka Romania, aliwapa jina la nususpishi, *cavernicolus*. Yule mwingine alikuwa *Niphargus*, wa oda nyingine ya amfipoda, jenasi iliyopewa jina na Schiødte wa Denmark mwaka 1849, ambayo sasa ina spishi zaidi ya 400.

Basi anza na umbo. Mweke mnyama kwenye kisahani chenye maji kidogo, umwache atulie mwenyewe. Amfipoda amebanwa ubavuni, hivyo hulala kwa ubavu. Isopoda amebanwa kutoka juu, hivyo hulala kifudifudi. Mwenye makombe mawili yaliyomfunika kama chaza ni ostrakoda. Kopepoda ni wadogo zaidi: saiklopoida ana kichwa kipana na mkia mwembamba, harpaktikoida ni mrefu na mwembamba kama mnyoo, na vipapasio vyake ni vifupi. Ukiona kiumbe cha milimita moja au mbili, chenye pingili nyingi zinazofanana na kisicho na gamba la kufunika kifua, tulia. Huenda ni bathinela, kundi ambalo Vejdovský, mwanazoolojia wa Kicheki, alilikuta kisimani Prague na kulieleza mwaka 1882. Mimi nilipomwona wa kwanza niliita chumba kizima waje kutazama.

Kufikia hapo ni rahisi. Ugumu uko kwenye spishi, hasa za *Niphargus*. Utahitaji umbo la magando ya jozi mbili za kwanza za miguu, miiba iliyo kwenye kipande cha mwisho cha mkia, na urefu wa jozi ya mwisho ya viungo vya mkiani. Hiki cha mwisho kimewaponza wengi, kwa sababu kwa spishi nyingi dume akikomaa viungo hivyo hurefuka sana, na jike hana urefu huo. Ukilinganisha jike na dume unaweza kudhani umepata spishi mbili. Kwa hiyo kabla ya kufungua kitabu cha utambuzi, jua jinsia, jua kama amekomaa, na mpime urefu. Kisha mkate viungo vya upande mmoja tu, uviweke kwenye gliseroli juu ya kioo cha hadubini, uvichore kwa penseli. Kuchora kunalazimisha jicho lihesabu miiba ambayo kutazama tu kungeiruka.

Na hata ukihesabu yote sawasawa, umbo lina mwisho wake. *Niphargus virei* wa Ufaransa alionekana spishi moja mpaka vinasaba vilipochunguzwa. Utafiti uliotoka mwaka 2006 ulionyesha nasaba tatu zilizoachana zamani sana. Ndiyo maana nasisitiza uhifadhi wa sampuli. Msimu wangu wa kwanza niliweka kila kitu kwenye formalini, kwa kuwa miili hubaki imara na mizuri kuchora. Vinasaba vikaharibika, na pango lile sikuweza kulirudia. Sasa natumia ethanoli ya asilimia 96, nabadilisha baada ya siku moja kwa sababu maji ya mwilini huipunguza nguvu, na nahifadhi kwenye baridi. Lebo naandika kwa penseli kwenye karatasi nzito na kuitia ndani ya chupa. Wino wa kawaida huyeyuka. Wakiwa bado hai, *Niphargus* wakubwa wasikae chupa moja na wadogo, maana huwala.

Kukusanya hakuhitaji pango. Chimba shimo kwenye changarawe kando ya kijito, subiri maji yajae, uyachote na kuyachuja kwa wavu mwembamba. Njia hiyo inaitwa ya Karaman na Chappuis, na haina gharama. Kama ni kisima cha watu, omba ruhusa na uoshe wavu kwanza, kwa sababu ni maji yao ya kunywa.

Kwenye rafu yangu kuna chupa iliyoandikwa *Niphargus* sp., yaani spishi haijajulikana, mwaka wa nne sasa. Ndani yake wamo majike wawili na mtoto mmoja. Nangoja dume.