Drili ya nyundo ya betri kwa kazi ya kila siku: nitazame nini kwanza?

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni fundi wa kufunga milango, madirisha na mabomba ya maji. Drili yangu ndogo ya betri imeanza kutoa harufu ya kuungua kila ninapotoboa mbao nene, na kwenye zege imenishinda kabisa. Sasa nataka drili nzito ya nyundo itakayostahimili kazi ya kutwa. Nikisoma maandishi ya kwenye maboksi nachanganyikiwa, kwa sababu moja imeandikwa volti 18 na nyingine volti 20, moja inasifiwa kwa niutoni-mita na nyingine kwa idadi ya vipigo kwa dakika. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu fundi, umefanya vyema kuuliza kabla ya kutoa fedha. Weka namba zote kando kwanza, ukumbuke matundu uliyotoboa mwezi uliopita, kisha ujiulize mangapi yalikuwa ya zege. Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua, maana mafundi wengi hununua drili ya nyundo wakidhani ni mashine ya zege, na sivyo ilivyo.

Ndani ya drili ya nyundo mna visahani viwili vya chuma vyenye meno yanayotazamana. Unapoigeuza pete kwenye alama ya nyundo na kuikandamiza drili ukutani, meno hayo hupandana na kushuka, na biti, yaani ncha ya kutobolea, hurukaruka mbele na nyuma kwa mwendo mdogo mno. Kisahani chenye meno 16 kikizunguka mara 2,000 kwa dakika hutoa vipigo 32,000, na hiyo ndiyo namba kubwa unayoiona kwenye boksi. Lakini kila kipigo ni hafifu, na nguvu yake hutegemea jinsi unavyosukuma kwa mkono wako. Mashine halisi ya zege, ile inayopokea biti za mfumo wa SDS-plus (zenye mifereji kwenye shina, zinazojifunga bila kukazwa kwa taya), ina pistoni inayobana hewa na kurusha nyundo ndani kwa ndani. Hupiga mara 4,000 au 5,000 tu kwa dakika, lakini kila pigo ni zito, nawe huhitaji kuegemea kwa mwili mzima. Kwa hiyo, ikiwa unatoboa zege kila siku, nunua hiyo na uiache drili ya nyundo. Ikiwa kazi yako ni mbao, chuma na tofali, na zege hukutana nayo mara mojamoja kwa matundu ya milimita 6 au 8, basi drili ya nyundo inakutosha, na kwa jinsi ulivyoeleza kazi zako, naona wewe uko kundi hili.

Suala la volti 18 na 20 lisikusumbue hata kidogo. Betri zote mbili zina seli tano za lithiamu zilizounganishwa kwa mfuatano. Kila seli ina volti 3.6 za kawaida, jumla 18, na ikitoka kwenye chaja huwa na volti 4 hivi, jumla 20. Ni betri ileile iliyopimwa nyakati mbili. Kitu cha kutazama ni amperi-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri huhifadhi. Betri ya volti 18 yenye amperi-saa 5 hubeba wati-saa 90, lakini faida yake haiishii kwenye kudumu muda mrefu. Mara nyingi betri ya namna hiyo ina safu mbili za seli tano tano, hivyo mota inapovuta umeme mwingi mzigo hugawanyika, na kila seli hupata joto kidogo. Ukiipachika betri ndogo ya safu moja kwenye drili nzito, drili itaonekana dhaifu au itajizima katikati ya tundu, nawe utailaumu mashine bure.

Kuhusu niutoni-mita, ambacho ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha, naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo watu huumia. Namba kubwa iliyoandikwa ni ile inayofikiwa kwa nukta moja biti inapokwama ghafla, na nguvu hiyo yote hurudi mkononi mwako. Tuseme ni niutoni-mita 120, na mkono wako uko sentimita 15 kutoka kwenye mhimili wa biti: utalazimika kuzuia niutoni 800, sawa na uzito wa mtu wa kilo 80. Ukishika kishikio cha pembeni, umbali wa sentimita 30, nguvu hiyo hupungua kuwa nusu. Mimi mwenyewe niliwahi kutoboa ubao kwa msumeno wa matundu (biti ya mviringo yenye meno) nikiwa juu ya ngazi, kishikio nikiwa nimekiacha chini ndani ya boksi kwa kuwa tundu lilikuwa moja tu. Meno yaliuma kifundo cha mti, drili ikajipindua, na kiganja kikageuka pamoja nayo kabla kidole hakijaachia swichi. Nilikaa wiki tatu nisiweze kushika nyundo. Kwa hiyo usinunue drili nzito isiyokuja na kishikio kirefu kinachobana imara, na ukipata yenye kifaa cha kuzima mota inapojipindua ghafla, iongezee fedha bila kusita.

Mengine ni mafupi. Chagua mota isiyotumia brashi za kaboni (boksi huandika "brushless"), taya za chuma zinazopokea biti hadi milimita 13, na gia ya mwendo wa polepole kwa matundu mapana. Dukani, funga biti ndefu uizungushe polepole. Ncha ikiyumba, rudisha drili.

SWALI: Nina drili ya nyundo ambayo hutoboa tofali bila shida, lakini kwenye zege huingia sentimita mbili kisha biti husimama na kuwa nyekundu. Je, drili imekufa?

JIBU: Huenda drili ni nzima. Umekutana na nondo au kokoto ngumu, na kipande cha kabaidi, ile metali ngumu sana ya kukatia, kilicho kwenye ncha ya biti kinachomwa na msuguano. Acha kusukuma mara moja, toa biti, upulize vumbi kwa pampu ya mkono ukiwa umevaa barakoa na miwani, kisha umulike ndani kwa tochi. Ukiona chuma kinang'aa, hamisha tundu, maana nondo ndiyo inayobeba jengo hilo. Usipoona kitu, badilisha biti, kwa sababu ncha iliyokwisha kuwa nyekundu huwa imepoteza makali yake.