Hasira nyuma ya usukani: maelezo kwa dereva anayeanza

Nimefundisha udereva kwa miaka mingi, na wanafunzi wengi wanapokuja siku ya kwanza huniuliza kuhusu klachi, kurudi nyuma na kuegesha. Ni nadra mtu kuniuliza atafanya nini siku damu itakapomchemka barabarani, ingawa siku hiyo humfikia kila dereva, mpole na mkali, tena mapema kuliko alivyotarajia. Nayaandika haya kwa ajili yako wewe uliyepata leseni juzi, ukiwa bado hujajenga mazoea ambayo baadaye huwa ni kazi kubwa kuyang'oa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Alasiri moja nilikuwa nikiendesha, mwanafunzi wangu akiwa kiti cha abiria kwa sababu zamu yake ilikuwa imekwisha. Gari dogo lilituchomekea ghafla bila kuwasha indiketa, nikalazimika kukanyaga breki kwa nguvu hadi mikanda ikatubana vifuani. Nilipiga honi ndefu, nikaongeza mwendo, nikalikaribia lile gari kwa nyuma na kuanza kuliwashia taa kali. Wakati ule niliamini kabisa kwamba ninamtia adabu mtu asiyejali uhai wa wenzake. Tulikwenda hivyo kwa muda, mpaka niliposikia sauti ya upole kando yangu: "Mwalimu, si tungekunja kule nyuma?" Nilikuwa nimeipita njia yetu bila kuiona. Nilipoitazama mikono yangu, ilikuwa imeukamata usukani kama mtu anayening'inia kwenye tawi, na jambo lililonitisha zaidi ni kwamba sikuweza kukumbuka kama taa ya makutano tuliyotoka kuyapita ilikuwa ya kijani.

Tangu siku hiyo sifundishi tena hasira kama suala la tabia njema peke yake. Ninaifundisha kama upungufu wa uwezo wa kuendesha, sawa na usingizi au pombe, kwa sababu humnyang'anya dereva vitu viwili ambavyo udereva wote unavitegemea, yaani macho yanayoona pande zote na nafasi iliyo mbele ya gari. Dereva mwenye hasira anaona gari moja tu. Watembea kwa miguu, pikipiki inayotokea pembeni, alama ya mwendo na hata njia ya kwenda kwake vyote hufifia, huku gari lile moja likizidi kuwa kubwa machoni pake.

Mwilini mambo huenda hivi. Ubongo unapohisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu, moyo hudunda kwa kasi, misuli hukaza na pumzi huwa fupi. Matayarisho haya yanamfaa mtu anayekimbia au anayepigana, lakini wewe umeketi na umefungwa mkanda, kwa hiyo nguvu hiyo haina pa kwenda isipokuwa kwenye mguu wa kulia na kwenye kiganja kinachobonyeza honi. Tena haiishi mara moja. Tukio lenyewe huweza kuchukua sekunde tatu, lakini mwili huhitaji dakika kadhaa kutulia, na ndani ya dakika hizo kosa dogo la dereva mwingine asiyehusika kabisa litaonekana kubwa. Mwanasaikolojia Dolf Zillmann alieleza tangu miaka ya 1970 kwamba msisimko uliobaki kutokana na tukio moja hubebwa hadi tukio linalofuata na kuliongezea ukali. Hii ndiyo sababu aliyegombana na mwenzake kabla ya kutoka huikuta barabara nzima imejaa wakorofi siku hiyo. Ukitambua kuwa umeingia garini na joto la jambo jingine, kaa dakika mbili kabla ya kuwasha injini, rekebisha kiti, tazama vioo vyote vitatu, na upumue polepole huku ukirefusha pumzi ya kutoka kuliko ya kuingia, kwani pumzi ndefu ya kutoka huusaidia moyo kupunguza mapigo. Wapo wanafunzi walioniona mzee mwenye mambo mengi kwa sharti hili, na sioni vibaya, mradi walitimize.

Hata hivyo mwili ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni hadithi ambayo dereva hujisimulia kuhusu nia ya mwenzake, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye kazi kubwa zaidi. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross alilipa jina kosa la kufikiri ambalo sote tunalo: tunapoeleza tendo la mtu mwingine hulitupia tabia yake, na kusahau mazingira aliyomo. Wewe ukihama njia bila kuangalia vizuri, ni kwa sababu kioo kilikuwa na ukungu au ulikuwa huijui barabara. Mwenzako akifanya vilevile, ni mjeuri. Ndani ya gari kosa hili hukua, kwa sababu hatuonani nyuso. Mtu akikugonga bega mlangoni, utaona jinsi alivyoshtuka na utasikia "samahani" yake kabla hujaanza kukasirika. Gari halina uso wala halisemi samahani. Lina honi na taa tu, na honi ileile inayomaanisha "angalia" husikika masikioni mwa aliyechoka kama tusi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani ulikusudia kulizuia hilo: unairuhusu honi kwa ajili ya kutahadharisha ili kuepusha ajali, na nje ya maeneo yenye makazi, kumwarifu dereva kuwa unataka kumpita. Kumwonyesha mtu kuwa amekuudhi si mojawapo ya matumizi hayo.

Zoezi ninalowapa wanafunzi ni hili. Mtu akikuchomekea, taja kwa sauti jambo uliloliona kwa macho, na ukomee hapo: "Gari jeupe limeingia mbele yangu, nafasi imepungua." Usiongeze neno linalohusu moyo wa dereva, kwa maana moyo wake hukuuona. Kisha ondoa mguu kwenye kichapuzi na urudishe ile nafasi. Naomba uangalie mpangilio huo, kwa kuwa wengi hudhani ni lazima kwanza mtu atulie ndipo aendeshe vizuri, na uzoefu wangu ni kwamba mara nyingi mambo huenda kinyume: mguu ukishaachia kichapuzi na gari la mbele likaanza kuwa mbali, moyo nao hufuata. Sharti la sekunde mbili utakuwa umelisikia darasani, yaani chagua nguzo ambayo gari la mbele limeipita na uhesabu mpaka wewe uifikie. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa unakwenda karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo anayembana mwenzake kwa mita kumi amejiachia chini ya nusu sekunde, ilhali dereva makini huhitaji takriban sekunde moja kabla mguu haujaanza kazi kwenye breki. Mvua ikinyesha, zidisha sekunde hizo.

Kuna jambo jingine linalochochea hadithi hii ya kuonewa, nalo ni imani kwamba wengine wanatangulia kwa haki yetu. Mwaka 1999 Donald Redelmeier na Robert Tibshirani walichapisha katika jarida la Nature maelezo ya kwa nini, kwenye msongamano, njia ya jirani huonekana kwenda haraka kuliko yako hata pale mwendo wa wastani unapolingana. Njia yako inapokimbia, unayapita magari mengi kwa muda mfupi, kwa sababu yale yaliyopunguza mwendo yamebanana. Inapodorora, magari ya jirani hukupita moja moja kwa muda mrefu, kwa sababu yametawanyika. Hivyo unatumia dakika nyingi zaidi ukipitwa kuliko ukipita, na tena uliowapita hutoweka nyuma huku waliokupita wakibaki mbele ya macho yako. Nilipolifahamu hili, niliacha kuhamahama njia kwenye foleni, na katika miaka yote iliyofuata sikumbuki hata mara moja nilipochelewa kwa sababu hiyo.

Muda nao una hesabu yake. Safari ya kilomita 10 kwa mwendo wa 60 kwa saa ni dakika 10. Ukiweza kushikilia 70 njia nzima, jambo ambalo taa na makutano hayataruhusu, utaokoa dakika moja na sekunde zipatazo 26. Toka mapema kwa dakika hizo na utakuwa umeondoa chanzo kikubwa cha hasira kabla hakijazaliwa.

Utawasikia madereva wazoefu wakisema kwamba kufoka ndani ya gari huku madirisha yamefungwa ni njia salama ya kutoa hasira. Siikubali rai hiyo, na sababu yangu haitokani na heshima ya lugha. Mwaka 2002 Brad Bushman alichapisha jaribio ambalo watu waliochokozwa waliachwa kupiga begi la ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi, na wengine wakakaa kimya bila kufanya lolote. Waliopiga ndio waliobaki na hasira nyingi zaidi. Anayefoka anairudia hadithi, na kila anapoirudia anauambia mwili kuwa hatari bado ipo. Abiria wako pia wamo humo. Ukiwa na mtoto kiti cha nyuma, maneno yako kwa gari la mbele ndiyo darasa lake la kwanza la udereva.

Sasa nije kwenye hali ambayo mwenye hasira ni mwingine na anayelengwa ni wewe. Hapa sina nafasi ya majadiliano. Nayasema kama amri. Mpishe. Akikubana nyuma, usikanyage breki kumwonya, kwa kuwa unamwita aingie kwenye buti lako. Punguza mwendo taratibu, shika upande wako, na mahali penye usalama mwache apite. Usimtazame usoni wala usimwonyeshe ishara yoyote ya mkono, isipokuwa kama kosa lilikuwa lako, hapo kiganja kilichoinuliwa kwa ustaarabu huzima mengi. Akikufuata, usiende nyumbani, maana utakuwa umemwonyesha unapolala; elekea kituo cha polisi au mahali penye mwanga na watu wengi, milango ikiwa imefungwa na vioo vimepandishwa, na umwombe abiria apige simu ya dharura. Kwenye foleni simama mbali kiasi cha kuona matairi ya nyuma ya gari la mbele yakigusa lami, ili ukihitaji kutoka uweze kukata usukani bila kurudi nyuma. Akishuka na kuja mlangoni, usishuke. Nimeshuhudia ugomvi ulioanza kwa kioo cha pembeni kilichokwaruzwa ukafika kwenye ngumi, na kilichobadilisha mambo ilikuwa ni ule mlango wa pili kufunguliwa.

Nimeacha kwa makusudi jambo moja hadi sasa, kwa sababu ndilo litakalokupata kwanza. Utasimama kwenye taa nyekundu, itageuka kijani, utaachia klachi haraka kuliko inavyotakiwa, na gari litazima. Kabla hujajua kilichotokea, honi zitaanza nyuma yako. Mwaka 1986 Douglas Kenrick na Steven MacFarlane walichapisha utafiti uliofanyika Phoenix huko Marekani, ambapo gari liliachwa makusudi bila kuondoka taa ilipogeuka kijani. Kadiri joto la siku lilivyopanda ndivyo honi zilivyoongezeka, na uhusiano huo ulikuwa na nguvu zaidi kwa madereva waliofungua vioo. Kumbuka hilo. Honi unazozisikia zinabeba joto la mchana, uchovu wa kazi na deni la mtu usiyemjua. Sehemu inayokuhusu wewe ni ndogo sana, nayo ni kwamba injini imezima.

Kwa hiyo fanya linalohusu injini. Kanyaga breki, kanyaga klachi mpaka chini, rudisha gia kwenye fri, washa. Ingiza gia ya kwanza. Taa ikiwa imerudi nyekundu wakati unafanya hayo, baki ulipo, hata wakipiga honi mfululizo, kwa sababu wanafunzi wangu wawili waliwahi kuondoka kwa aibu wakati wa nyekundu, na mmoja nililazimika kumkanyagia breki za mwalimu huku mama mwenye mzigo akiwa katikati ya kivuko. Ikiwa bado ni kijani, tazama kushoto, tazama kulia, achia klachi hadi gari litetemeke kidogo chini ya nyayo zako, usubiri hapo kwa pumzi moja, kisha uondoke.