Anza na marehemu: ushauri wa kuigeuza riwaya ya mauaji kuwa tamthilia

Mtu akiniletea riwaya ya zamani ya mauaji na kuniomba niigeuze tamthilia ya televisheni, swali langu la kwanza huwa: wamekufa akina nani? Wengi hutarajia niulize kuhusu muuaji au mpelelezi. Lakini mwandishi ameshamshughulikia muuaji vya kutosha, na mpelelezi ndiye aliyekiuza kitabu. Marehemu ndiye aliyeachwa na aya moja, jeraha na saa ya kufa. Kwenye kitabu hilo hupita, maana msomaji anafukuzana na fumbo na usiku mmoja au miwili unamtosha. Mtazamaji tunamtaka arudi wiki baada ya wiki. Fumbo tupu halimrudishi. Anarudi kwa sababu kuna mtu aliyekufa ambaye yeye bado anamwonea uchungu.

Naandika skripti za tamthilia hapa Dar es Salaam, na kitabu kilichonifunza haya ni riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ya miaka ya 70. Siruhusiwi kuitaja kwa kuwa mkataba wake haujakamilika. Mfanyabiashara anakutwa amekufa stoo kwake alfajiri, na kufika saa nne mpelelezi ameshaanza kuwahoji watu mmoja mmoja. Tulipokuwa tunaigawa katika episodi, mama mmoja kati yetu, mkongwe wa michezo ya redio, akauliza: "Jamani, huyu baba hana ndugu? Hakuzikwa?" Tukarudi kitabuni kutafuta. Msiba haukuwemo.

Episodi yetu ya pili yote ilitoka kwenye swali hilo. Fikiria mwenyewe. Ndugu wanataka kuzika leo hii kabla ya alasiri, polisi wanataka mwili ubaki hospitali uchunguzwe, na sheikh yuko katikati anaulizwa na pande zote mbili. Hapo kuna mgogoro mkubwa kuliko kufukuzana kwa magari, na haugharimu hata gari moja. Halafu ule msiba wenyewe: turubai, mikeka, wanaume nje na wanawake ndani, sufuria za wali, daftari la rambirambi. Mpelelezi hahitaji kumwita mtu kituoni, kila anayemtaka atakuja mwenyewe. Ataona nani amechanga kuliko uwezo wake, nani anayedaiwa na marehemu amekaa mbele kabisa, na nani hakutokea. Daftari la rambirambi likawa ushahidi wetu mkubwa. Mwandishi wa kitabu hakuliwaza, lakini ninaamini angelikubali, maana limetoka katika dunia ileile aliyoiandika.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa kazi ya mikono. Chukua karatasi, andika kila aliyekufa ndani ya riwaya, hata aliyetajwa kwa mstari mmoja, hata aliyekufa kabla hadithi haijaanza. Mbele ya kila jina jibu: nani alimzika, nani alimlilia, alikuwa anamdai nani, na jioni ya mwisho alikuwa anafanya nini. Palipo wazi ndipo tamthilia yako itakapopata nyama.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni riwaya ya Agatha Christie, And Then There Were None, iliyotoka mwaka 1939. Watu kumi wanakusanywa katika kisiwa karibu na pwani ya Devon, Uingereza, kisha santuri ya gramafoni inamsomea kila mmoja kosa lake: umeua. Wanaanza kufa mmoja baada ya mwingine. Kila anayekumbuka kitabu hiki hukumbuka wale kumi. Mimi kilichonikaa kooni tangu nikisome mara ya kwanza ni shtaka la Philip Lombard: vifo vya wanaume ishirini na mmoja wa kabila moja la Afrika Mashariki. Kabila halitajwi. Nchi haitajwi. Hakuna hata mmoja wao mwenye jina. Lombard anakiri bila haya: walipotea porini, yeye na wenzake wawili watatu wakachukua chakula kilichokuwepo wakaondoka. Vera, mwalimu, anasema wale walikuwa wenyeji tu. Bibi Emily Brent anamjia juu kwamba weusi kwa weupe ni ndugu zetu, na Brent huyohuyo ndiye aliyemfukuza kijakazi wake mwenye mimba, binti akaenda kujiua.

Mkanganyiko kama huo wa Bibi Brent usiufute kamwe. Watu wanaogeuza vitabu vya zamani hupenda kuwasafisha wahusika ili mtazamaji wa leo asikereke. Acha akereke. Brent anayesema maneno ya haki huku mikono yake ina damu anaweza kubeba episodi nzima peke yake.

BBC waliigeuza riwaya hiyo kuwa tamthilia ya episodi tatu, iliyoonyeshwa usiku tatu mfululizo Desemba 2015, ikaandikwa na Sarah Phelps. Nenda kaitazame ukiwa na kitabu mkononi, maana ni darasa. Kitabuni makosa mengi ya wale kumi ni ya kuzembea au kunyamaza: mtumishi Rogers na mkewe wanamnyima dawa bibi waliyemtumikia, Jenerali MacArthur anamtuma mpenzi wa mkewe vitani mahali ambapo hatarudi. Hayo yanasomeka vizuri kwenye karatasi, lakini kamera haiwezi kupiga picha dawa ambayo haikutolewa. Phelps akayageuza kuwa vitendo: Rogers anamziba bibi pumzi kwa mto, jenerali anampiga yule kijana risasi kwa mkono wake mwenyewe. Na Lombard safari hii hakuwaacha wale watu wafe njaa. Aliwaua kwa ajili ya almasi.

Nakubaliana na Phelps kwa Rogers. Kwa jenerali nasitasita, kwa sababu ule uoga wa kumtuma mtu afe huku wewe umekaa na ramani ulikuwa na ukatili wake wa pekee, na onyesho moja la mtu akisaini amri lingeweza kuubeba. Kwa Lombard ndipo ninaposema bado kazi haijafanywa. Sababu ya mauaji ilibadilika, marehemu wakabaki vilevile: wengi, weusi, bila majina. Mwandishi wa Kiswahili akipata nafasi ya kuigeuza hadithi ya aina hii, hapa ndipo pa kusimama. Sisemi aongeze damu. Namaanisha mke anayepika kwa makadirio ya watu wanaorudi, mzee anayeuliza habari za wapagazi kwa kila msafara unaopita, mtoto aliyepewa jina la baba asiyerudi. Dakika nne za hayo, halafu rudi kisiwani kwenye meza ya chakula ambako Lombard anacheka. Mtazamaji hatamwangalia tena kwa jicho lilelile, nawe hutakuwa umegusa fumbo la Christie hata kidogo.

Kuhusu muda. Watu huniuliza riwaya moja inatoa episodi ngapi, kana kwamba kurasa zinagawanyika kwa hesabu. Hesabu hiyo ni ya uongo. Tamthilia ya Ripley ya mwaka 2024, iliyotokana na riwaya ya Patricia Highsmith ya 1955, ina episodi nane, na mwandishi wake Steven Zaillian ametumia sehemu kubwa ya episodi ya tatu kwa mauaji ndani ya boti na taabu ya kuyaficha, karibu bila maneno. Kuua ni haraka, kuficha ni kazi: maiti ni nzito, boti haitulii, maji ni baridi. Huko ndiko taharuki inakokaa. Kinyume chake, mahojiano ambayo kitabuni yamekula sura tatu unaweza kuyamaliza kwa onyesho moja la dakika mbili kama marehemu amejengwa vizuri, kwa sababu mtazamaji anajua tayari nini kinafichwa.

Mawazo ya ndani ndiyo tatizo linalowatisha wageni wa kazi hii. Christie anatuingiza vichwani mwa watu wote kumi, akiwemo muuaji, bila kumfichua, na hilo ni jambo la lugha. Kamera haina kichwa cha kuingia. Tafadhali usikimbilie sauti ya msimulizi juu ya picha. Mpe mhusika kitu cha kushika. Kwenye ile kazi yetu mjane alikuwa na kurasa nyingi za majuto, nasi tukampa ufunguo wa stoo aliokuwa anahamisha kutoka kwenye pindo la khanga kwenda kwenye mto, kutoka kwenye mto kwenda kwenye debe la unga. Hakusema neno, na kila mtu aliyesoma skripti alijua anaogopa nini. Mbinu rejeshi nazo ziwe chache, tena zimtumikie marehemu. Kila ukirudi nyuma, rudi alipokuwa hai.

Mwisho wa riwaya za zamani una desturi yake: mpelelezi anawakusanya wote na kueleza. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake mdomoni, anaweza kueleza kwa utamu mpaka ukasahau kuwa hakuna kinachotokea. Kwenye televisheni maelezo ya dakika kumi na tano huua kila kitu. Christie kisiwani hakuwa hata na mpelelezi wa kufumbua fumbo. Ukweli unakuja kwa barua ya muuaji iliyotiwa kwenye chupa na kuokotwa baharini. Phelps aliitupa chupa hiyo. Akamleta muuaji mwenyewe, hakimu Wargrave, chumbani, Vera akiwa tayari na kitanzi shingoni, vidole vya miguu vinatafuta kiti, na Vera anajaribu kumshawishi hakimu amwachie. Maelezo ni yaleyale, ila sasa kuna mtu anayeweza kufa wakati yanatolewa. Huo ndio mtihani wa kila onyesho la ufichuzi: nani atapoteza nini kabla sentensi haijaisha?

Haki miliki ishughulikie kabla ya yote haya. Tanzania na Kenya zinamlinda mwandishi miaka 50 baada ya kifo, Uingereza miaka 70. Christie alifariki Januari 1976, kwa hiyo Uingereza analindwa hadi mwisho wa 2046, na tamthilia ukiiweka kwenye intaneti inafika huko. Abdulla alifariki 1991, hivyo hata kwa sheria zetu kazi zake bado zina wenyewe. Usidhani mchapishaji ndiye mwenye kauli; mara nyingi alipewa haki ya kuchapa tu. Omba kuona mkataba wa awali. Kwa mwandishi aliyefariki, tafuta msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama na uone barua ya uteuzi, kwa sababu mtoto mmoja akisaini peke yake, ndugu zake wanaweza kuisimamisha kazi siku mtakayoanza kupiga picha. Na ukiwa hapo kwa familia, uliza kama wana nakala ya chapa ya kwanza. Sisi tulipewa nakala iliyokaa kabatini miaka yote hiyo, na ndani yake mlikuwa na sura nzima kuhusu mama wa marehemu ambayo chapa ya baadaye iliikata.