Jibu: Tower Hamlets maskini, mbona vifo vichache?

Habari mkuu. Unauliza mbona Tower Hamlets, wilaya ya London yenye umaskini mwingi hivyo, ina vifo vichache kwa kila watu 1,000? Angalia umri kwanza. Sensa ya 2021 ilikuta umri wa kati pale (nusu ya wakazi wako chini yake, nusu juu) ni miaka 30, mdogo kuliko wilaya zote za England. Vijana hawafi ovyo, basi wastani ghafi, yaani vifo vyote kwa wakazi wote bila kujali umri, unakuchezea. Mimi hugawa kwa rika kwanza, nachukua 40–64 peke yao, ndipo nalinganisha.

Ukipima hatari ya kisukari pale pia, usiwatupe "Waasia" wote kapu moja. Wenye asili ya Bangladesh ni 34.6% ya wakazi, na hatari yao huhesabiwa kuanzia BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 23, si 25 ya kawaida. Ukiwapima kwa 25 wengi watakuponyoka.