Kisanduku cha insulini kimebadilika: je, dawa imepungua nguvu?

SWALI: Mume wangu ana miaka 58 na anajidunga insulini glargine yuniti 24 kila usiku. Mwezi uliopita kliniki ilitupa ya kampuni nyingine, tukaambiwa ni baiosimila, yaani nakala ya ile ya kwanza, na inafanya kazi ileile. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa kati ya 6 na 8. Sasa ni 11, siku nyingine 13. Hatuna friji, kwa hivyo kalamu ya kudungia insulini tunaiweka juu ya kabati la jikoni. Jirani anasema dawa ya bei nafuu ni feki, na muuza mitishamba sokoni ametushauri tupunguze insulini hadi nusu na tujaze pengo kwa unga wake. Turudie ya zamani, tuongeze yuniti, au tujaribu huo unga? (Mama wa Kondele, Kisumu)

JIBU: Mama, msikimbilie ya zamani kwa hofu, msiongeze yuniti wenyewe, na huo unga msiuguse kabisa. Mzee aendelee na yuniti zake 24, nanyi mwende kliniki wiki hii badala ya kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Akianza kutapika, kukojoa kupita kiasi, kuhema kwa kasi au kuchanganyikiwa, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Mimi ni mfamasia, na malalamiko kama ya jirani yenu huletwa kwenye dirisha la dawa karibu kila wiki. Mgonjwa hukishika kisanduku kipya, akakigeuzageuza, kisha akauliza kwa nini serikali inawapa maskini dawa hafifu. Dhana hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu haiishii kwenye manung'uniko: mtu akishaamini kwamba dawa yake ni dhaifu, huanza kujipimia dozi kwa kukisia, huruka siku, au huangukia mikononi mwa yeyote anayemwahidi kitu chenye nguvu zaidi.

Insulini glargine ni protini, na hutengenezwa na vijidudu hai, ama bakteria ama hamira, vilivyopewa maagizo ya kuiunda. Kampuni ya pili inapotaka kuitengeneza, haikubaliwi kwa kuonyesha tu kwamba kemikali ni ileile na inaingia katika damu kwa kiasi kilekile, kama inavyotosha kwa vidonge vingi vya kawaida. Ni lazima mpangilio wa asidi amino, yaani vipande vinavyounda protini, uwe uleule, namna dawa inavyoshusha sukari mwilini ipimwe saa baada ya saa dhidi ya ile ya kwanza, na usalama wake uchunguzwe kwa wagonjwa. Ulaya iliidhinisha glargine ya kwanza ya aina hii mwaka 2014. Mwaka 2021 Marekani iliruhusu moja itolewe na mfamasia mahali pa ile ya asili bila kumrudia daktari, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliziingiza insulini za muda mrefu, glargine ikiwamo, pamoja na baiosimila zake, katika orodha ya dawa muhimu. Wapo wagonjwa waliohamishwa kwa majaribio kutoka moja hadi nyingine na kurudishwa tena, na sukari yao haikuyumba kwa sababu ya kuhama. Bei ni nafuu kwa sababu hati miliki ya ile ya kwanza ilikwisha na washindani wakaingia sokoni.

Kwa hiyo yuniti 24 za kisanduku cha zamani ni yuniti 24 za kisanduku kipya, ilimradi vyote viwili vimeandikwa 100, yaani yuniti 100 kwa kila mililita. Hapo ndipo ningependa macho yaelekezwe, si kwenye jina la kampuni. Ipo glargine yenye yuniti 300 kwa mililita. Hiyo haibadilishwi na ya 100 yuniti kwa yuniti bila daktari kupanga dozi upya, na haifai hata kidogo kuvutwa kutoka kwenye kalamu kwa bomba la sindano, kwa maana mtu atajidunga mara tatu ya alichokusudia. Tena, kama mzee aliwahi kutumia insulini mchanganyiko ya asubuhi na jioni, akumbuke kwamba ile huwa na ukungu mweupe na huviringishwa kabla ya kudungwa, ilhali glargine ni angavu kama maji. Glargine iliyoingia ukungu au chembechembe hutupwa, haitikiswi ikarudi kuwa nzuri.

Mbona basi sukari imepanda? Jibu nadhani umeliandika mwenyewe bila kukusudia: juu ya kabati la jikoni. Kalamu inayotumika inaweza kukaa nje ya friji siku 28, lakini katika joto lisilozidi nyuzi 30. Kisumu mchana hufikia nyuzi hizo hata kivulini; chini ya mabati, jiko likiwaka, huzipita kwa mbali. Insulini iliyopikwa hivyo hupoteza nguvu polepole huku ikibaki angavu, na hutaitambua kwa macho. Wekeni kalamu katika chombo kikavu chenye kifuniko, nacho kikae ndani ya chungu cha udongo kilichozungukwa na mchanga unaomwagiliwa maji, mahali penye kivuli na upepo. Zile ambazo hazijafunguliwa zinahitaji nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo ombeni kliniki iwatunzie, au iwape chache kwa kila safari. Ndugu zetu wa Molo na Nakuru wana nafuu ya baridi. Kosa lao la kawaida ni kuiegemeza insulini kwenye barafu ya friji, na iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka.

Jambo la pili ni kalamu yenyewe. Kampuni ikibadilika, kalamu nayo hubadilika, na mara nyingi hakuna anayechukua dakika tano kumfundisha mgonjwa. Kabla ya kila dozi apige yuniti 2 hewani mpaka tone lionekane kwenye ncha ya sindano. Akishabonyeza kitufe mpaka mwisho, ahesabu polepole hadi kumi kabla ya kuichomoa. Akiichomoa mapema, sehemu ya dawa hubaki ikidondoka juu ya ngozi. Mpapase tumbo pia. Penye uvimbe laini kama mpira, kwa kudungwa papo hapo kila usiku, dawa hainyonywi sawasawa, na ni lazima ahamie upande mwingine au pajani. Hata hivyo, akihama aambie kliniki na apime sukari mara nyingi zaidi, kwa kuwa dozi ileile ikinyonywa vizuri huweza kuishusha sukari kuliko mlivyozoea. Ikibidi dozi ipande, kliniki kwa kawaida huongeza yuniti 2, ikasubiri angalau siku tatu na kusoma vipimo vya asubuhi kabla ya kuongeza tena.

Sasa huyo wa unga. Ushauri wa kupunguza insulini hadi nusu si wa mtu anayejua anachokifanya. Insulini hii ya usiku haishughulikii chakula. Inazuia ini lisimwage sukari katika damu mtu akiwa amelala. Ukiikata, ini halingoji unga ufanye kazi. Mitishamba haikuanza jana: ilikuwapo tele, hapa kwetu na ng'ambo, kabla ya mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, kudungwa insulini kule Toronto mnamo Januari 1922, na watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza, ambao miili yao haitengenezi insulini, walikuwa wakifa wote. Mwenye aina hiyo akiacha insulini leo kwa sababu ameuziwa chupa ya majani, damu yake huanza kujaa asidi ndani ya siku chache, wakati mwingine saa. Muuzaji huwa ameshahamia soko jingine.

Na pale ambapo unga unaonekana kushusha sukari, ndipo ninapoogopa zaidi. Katika nchi mbalimbali, maabara zimekuta ndani ya dawa zinazoitwa za asili vidonge vya kisukari vilivyosagwa, hasa glibenclamide, ambayo kwa mzee au mwenye figo dhaifu inaweza kuishusha sukari hadi azimie na kuiweka chini kwa saa nyingi. Ukijumlisha na insulini, familia humkuta asubuhi haamki. Feki ambayo jirani anaitafuta kwenye kisanduku cha kliniki iko humo, katika mfuko usio na jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kuisha, wala usajili wa Bodi ya Dawa na Sumu. Yeyote aliyekwisha kuunywa asiufiche kwa kuona haya: auchukue na mfuko wake, pamoja na kalamu, kisanduku na daftari la vipimo, na amwambie daktari siku aliyoanza na kiasi anachokunywa, kwa sababu dozi ya insulini ikipangwa bila habari hiyo inaweza kumuua.