Ziba matundu kwanza, sufi baadaye

Ndugu, umeuliza kwa nini vyumba bado vina baridi usiku ilhali umeshatandika sufi ya fibaglasi darini. Sufi ile inapunguza joto kupotea, lakini hewa inaipenya kama maji kwenye chekeche. Hewa ya moto hupanda, inatorokea darini kwenye matundu, na ya baridi inavutwa ndani kutokea chini.

Panda na tochi, uinue sufi kidogo kidogo. Ukiona mahali imekuwa nyeusi kwa vumbi, hapo ndipo hewa inapopita. Sufi imeichuja miaka yote hiyo. Angalia hasa nyaya na mabomba yanapotoboa dari, vichwa vya kuta za ndani, na kifuniko cha kupandia. Hicho kifuniko watu hukisahau kabisa, kumbe kukibandika utepe wa mpira pembeni ni kazi ndogo tu. Ufa mwembamba tia silikoni, tundu kubwa kidogo puliza povu la kuzibia, lile la kopo linalovimba na kukauka.

Ila kandokando ya bomba la moshi usithubutu povu la kawaida, linashika moto. Hapo weka bati, kisha uzibe kwa silikoni maalumu inayostahimili moto. Na matundu ya hewa ya kwenye upenu yaache wazi, ndiyo yanayosaidia kutoa unyevu darini. Kama ndani kuna hita ya gesi yenye bomba la moshi, ita fundi apime kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, ukimaliza, maana nyumba iliyozibika sana inaweza kurudisha moshi ndani.